Ndege Imefutwa Masizi

Radim,

Supu ya viazi iko jikoni, ipashe tu. Baba yangu ale kwanza, ndipo umpe dawa zake. Fungua dirisha la chumba chako, harufu ya rangi imejaa nyumba nzima.

Kabla hujaingia humo: ile ndege yako ya plastiki, ile Mig ya kivita, haina masizi tena, wala madoa ya oili. Wiki tatu zako za kupaka kwa kijiburashi zimekwisha asubuhi hii kwa pamba na spiriti. ~~Sikumwona.~~ Nilimwona baba akiisugua, nikamwacha.

Unajua baba hajasema neno la maana tangu Pasaka, na mimi ananiita "bibie". Leo kaishika hiyo ndege, kaigeuza tumbo juu, akauliza, "Nani kaitoa hii bandani chafu hivi?" Miaka thelathini alikuwa fundi wa ndege jeshini, hakuna hata moja iliyotoka mikononi mwake na doa. Nyinyi mnaounda za plastiki mnazichafua makusudi ili zionekane za kweli, yeye angejuaje? Kaisugua mpaka ikang'aa, akaniamuru niandike kwamba iko tayari kuruka. Nikaandika.

Kisha akauliza rubani ni nani. Nikamtajia jina lako, ndilo lililonijia.

Kwa hiyo usimgombeze. Masizi utapaka mengine. Mimi nawahi treni, narudi jioni.

Yeye yuko dirishani na koti lake, anatazama juu. Amekataa kula mpaka utue.

Mkeo