Jina la Baba Kwenye Fomu ya Kurudisha Askari

Mpendwa mshauri, nisaidie kabla ya Jumamosi, maana Jumamosi askari wetu wanashuka stesheni na mdogo wangu, kitinda mimba wetu, yumo, na mimi badala ya kucheza natembea na barua kwenye mfuko wa aproni, siku ya nne sasa.

Nauza mikate, na pale kaunta ndipo nilipoiona nchi ikibadilika, kwa sababu mwaka wa kwanza wa vita mteja akithubutu kusema vijana warudi foleni nzima ilimzomea, mwaka wa tatu wakawa wanaangalia mizani tu, na mwaka huu wa tano nilipoweka fomu ya kuliomba bunge liwarudishe, kalamu ziliniishia kabla ya mikate. Kuna mama aliyewahi kuniita msaliti, naye alikuja akasaini huku analia, akaomba fomu nyingine ampelekee mumewe.

Sasa familia za askari zilikuwa na fomu yao, nayo ilitaka saini ya mkuu wa kaya, na mkuu wetu ni baba, sajenti mstaafu, ambaye kila siku anasema askari haondoki kazini kazi haijaisha, na ukimbishia ananuna mpaka kesho. Mikono yake inatetemeka, kwa hiyo mwaka wa sita huu karatasi zake zote, za kliniki, za maji, za nini, nasaini mimi, hata mwenyewe husema mkono wangu ndio wake. Basi mshauri, siku hiyo sikumuuliza. Niliandika jina lake na cheo chake, nikasaini kama ninavyosaini siku zote, na kusema kweli nilipomaliza nilijisikia vizuri.

Nilidhani litapotea kati ya maelfu, kumbe mbunge wetu alilisoma mbele ya bunge zima, kwamba hata sajenti mzee amesema imetosha, wenzake wakapiga meza, na wiki hiyo hiyo kura zikapigwa, tukashinda kwa mbali. Siku jina lilipokuwa likisomwa baba alikuwa kliniki, hakusikia. Mtaani wanamshika mkono, "Hongera mzee, umetuokolea watoto," naye anadhani wanampongeza kwa mwanawe kurudi mzima, anawajibu, "Asanteni, asanteni sana." Sasa kamati ya mapokezi imemwandikia azungumze stesheni kwa niaba ya wazazi, na barua ndiyo hiyo.

Na nyumbani hakukaliki, kwa sababu tangu tarehe itangazwe ameng'oa mlango wa chumba cha mdogo wangu eti unalia, ameupiga randa, ameurudisha, na bawaba za nyumba nzima amezipaka grisi mpaka nguo zangu za kazi zimechafuka. Nimweleze ukweli niharibu furaha ya watu wote, au nimsomee barua ninyamazie mengine?

Binti wa Sajenti

*

Binti wa Sajenti,

Kwanza pokea hongera. Wale waliotuambia kwamba wauza mikate hawajui mambo ya vita wako kimya wiki nzima, nami nimefurahi na sifichi. Mmewarudisha vijana wetu nyumbani, wewe na foleni yako.

Sasa kaa nikuseme. Mkono wa kusaini kadi ya kliniki ulipewa. Wa kusema vita iishe hukupewa, uliuchukua. Mzee amelitumikia jeshi nusu ya maisha yake, wewe ukamnyang'anya neno lake, halafu unamwacha azunguke mtaani na kilemba cha ukoka. Umeweza kuibadilisha foleni nzima, ukashindwa kumkalisha mtu mmoja sebuleni kwako. Ulimwogopa, basi.

Lakini hebu isome tena barua yako, pale ulipoandika habari za mlango. Wewe umeona nguo zilizochafuka. Mimi nimeona mzee mwenye mikono inayotetemeka akihangaika na randa, kwa sababu yeye amewahi kurudi kutoka vitani na anajua mlango ukilia mtu aliyetoka huko anavyoruka. Hakuna aliyemwambia afanye hivyo. Anaweza kuamini kazi haijaisha na bado akahesabu siku za kumwona mwanawe, na hilo hukumuuliza.

Leo ukitoka kazini, jua likiwa bado lipo, vua aproni, umsomee barua ya kamati yote, kisha umwambie ulichofanya. Usilie, na usitie "lakini". Atanuna. Mwache anune, hiyo ni haki yake. Kesho nenda ofisini kwa mbunge wenu, lifute jina lake, uweke lako, dada wa askari, nalo lina uzito wake. Usiogope kuharibu kitu, mlishinda kwa mbali, na jina moja likifutwa hakuna kijana atakayerudishwa alikotoka. Kuhusu jukwaa, aamue mwenyewe. Akipanda akasema kazi haikuisha, mpigie makofi wewe wa kwanza.

Azungumze asizungumze, Jumamosi mtangulize mbele kabisa, pale treni inaposimama, umshike mkono huo unaotetemeka. Kisha nendeni nyumbani wote watatu. Mdogo wako atafungua mlango wa chumba chake, hautalia, na atajua ni nani aliyekuwa akimngoja.