Maji Mengi ya Mtera

Mpunguzi, Februari 1996

Baba Aneth,

Barua yako kutoka Mwanza niliipata. Huku hatujambo. Aneth ameota jino la mbele, na mahindi yamefika magotini.

Juzi nilimwacha mtoto kwa mama, nikapanda basi la Iringa peke yangu hadi bwawa la Mtera. Mvua ilinyesha njia nzima. Bartolomayo, anayetembeza wageni kwa boti, akaniambia, "Pole na mvua, dada." Nikacheka. Tangu lini Mgogo, mtu wa ukame, akapewa pole ya mvua?

Tulizunguka katikati ya miti iliyokufa ikiwa imesimama majini. Niliuliza kila kitu: kina, viboko, hata wale ndege weusi wanaoanika mabawa huku mvua inanyesha. Mkono niliutia majini mpaka vidole vikasinyaa.

Uliandika kwamba mtu akishayazoea maji ya ziwa, hayawezi tena mavumbi ya kwetu. Nikataka kujua maji mengi humfanya nini mtu.

Ni mazuri, sikatai. Nilitamani tuzunguke tena. Lakini jioni basi lilipofika, nilipanda nikarudi nyumbani.

Ni mimi,
Mama Aneth