Nani Atamchemshia Kabula Maji

Mama Kabula,

Wewe uliyelala pale juu Kiseke, kichwa upande wa jua kuchomoza, mimi mumeo Lushinge nakuandikia kwa mkono wangu mwenyewe. Usishangae. Kabula alitaka mimi niseme yeye aandike, nikakataa. Nilimwambia kwenye kisomo cha watu wazima mimi nilikaa mbele na wewe ulikaa nyuma yangu. Najua ungekuwepo ungesema ulikaa nyuma ili uninong'oneze majibu. Ungesema hivyo. Lakini haupo, kwa hiyo nilikuwa wa kwanza. Kalamu ni ya Kabula ya kusahihishia, ndiyo maana barua ni nyekundu. Herufi zangu ni kubwa, lakini zimesimama.

Mjukuu amekuja. Ni msichana. Nimempa jina lako, Minza. Sikumuuliza mtu.

Unakumbuka siku zile za mwisho, ulipokuwa huwezi tena kukaa bila kuegemea ukuta? Kabula tumbo lilikuwa limeanza. Ulikuwa umeshaikunja khanga yako ile ya zambarau, umeiweka kando, ukasema hii ndiyo mbeleko. Halafu ukanitazama ukasema, "Mimi nikienda, nani atamchemshia Kabula maji?" Nikasema, "Mimi." Ukacheka. Ukakohoa, ukacheka tena. "Baba Kabula, wewe? Na hizo ndevu?"

Sikukusikia ukicheka tena baada ya siku ile. Nilikuwa nimekasirika kidogo, ukafa sijakuambia kwamba nilipenda kile kicheko.

Basi sikiliza. Maji nimechemsha. Kumkanda mwanangu siwezi, hilo ni mwiko na wewe unajua, amemkanda jirani yetu Mama Sofia. Lakini moto ni wangu. Mtu aliyepasua majabali ya Mwanza kwa moto tangu ujana atashindwa na sufuria? Niliuchochea moto mpaka Mama Sofia akapiga kelele, "Mzee Lushinge, unamwandalia mzazi maji au unapasua jiwe?" Nikapunguza kuni. Uji nao nimepika. Wa kwanza uliungua, wa pili ulikuwa mzuri, na huo wa pili ndio watu wanausimulia.

Sasa nikupe habari yenyewe, maana kuna jambo uliondoka hujalijua.

Wewe ulikufa ukiamini Kabula atapata likizo ya uzazi kama walimu wengine. Hata mimi niliamini. Mwalimu si mwalimu? Kumbe wapo wa aina mbili. Ile shule ya kulipia ya Bwana Salehe, aliyoifungua kwenye ghala la pamba pale tulipokuwa tukipeleka pamba yetu kupimwa kabla ya hili soko huria, Kabula pale ni mwalimu wa muda. Muhula ukiisha, mkataba umeisha. Muhula ukifunguliwa, unaandikwa upya. Ndiyo maana alikuwa anavaa sweta juani. Wewe ulimuuliza, "Mwanangu, una homa?" akasema anasikia baridi. Hakuwa na baridi. Alikuwa anaficha tumbo kwa Bwana Salehe ili muhula usikatike.

Mtoto akaja shule ikiwa imefungwa, siku si nyingi kabla ya kufunguliwa. Bwana Salehe akatuma neno kwamba Kabula akiwepo siku ya kufungua, kazi ni yake, na asipokuwepo, anawekwa mwingine. Na wengine wapo, Mama Kabula. Vijana wamemaliza vyuo vya ualimu, serikalini nafasi hakuna, wanashinda pale getini wamechomekea mashati. Na mkwe wetu Masanja yuko Geita machimboni. Alivuka kivuko cha Busisi akisema atarudi na dhahabu. Mpaka leo anapata mawe, na mawe si hata mimi ninayo hapa hapa? Kwa hiyo nyumba inakula kwa chaki ya Kabula. Si kwamba mgongo wangu umechoka. Watu siku hizi wanajenga kwa tofali za saruji, mawe ndiyo hayatakiwi.

Nikamwendea Bwana Salehe. Nilikuwa natoka kazini, nyundo begani, mlinzi akadhani nimekuja kupigana. Nikakaa, nikasalimia vizuri, nikasema, "Bwana Salehe, binti yangu amejifungua. Mpe likizo ya uzazi, akipona arudi."

Akasema, "Mzee wangu, likizo ya uzazi ni ya mtu aliyeajiriwa. Huyu ni wa muhula. Wazazi wanalipa. Darasa la kwanza likikaa bila mwalimu, wanahamisha watoto, na mimi nafunga shule. Unataka nifanyeje?"

Alisema bila ukali, nami nikaona nimlainishe kwa kumweleza ukoo wetu, ajue anaongea na watu gani. Si unanijua. Nikamwambia, "Usimwone Kabula mwembamba. Mama yake huyu, marehemu mke wangu, alimzaa huyu Kabula, na wiki haijaisha alikuwa shambani na jembe. Pamba ilikuwa inasongwa na magugu, akaingia, akapalilia mpaka mwisho wa tuta. Hakuna mwanamke kama yule katika Usukuma wote!"

Bwana Salehe akatabasamu. Akasema, "Basi mzee umemaliza mwenyewe. Kama mama yake aliweza jembe, binti atashindwa chaki?"

Zile sifa zako nimezisema miaka yote, kwenye pombe, kwenye misiba, kwenye harusi za watu. Hakuna siku ziliwahi kunigeuka. Nikachukua nyundo yangu nikaondoka.

Njiani naipanda ile njia ya mawe, ziwa likiwa nyuma yangu, ndipo nikakusikia. Unakumbuka ulivyokuwa unanikatiza kila nikiisimulia ile habari? Mimi nafika kwenye mwisho wa tuta, watu wanapiga makofi, wewe unasema kutoka jikoni, "Na mama yangu je?" Na mimi nasema, "Ndiyo, mama yako alikuwepo," naendelea na sifa. Siku ile njiani nikaisikia vizuri. Na mama yangu je. Maana mama yako alikuwa amekaa pembeni mwa shamba na Kabula mapajani. Mtoto akilia, anakuita, unaacha jembe unanyonyesha kivulini. Ukichoka, anachukua jembe yeye. Wewe hukuwa peke yako katika lile tuta hata kidogo.

Kesho yake nikarudi kwa Bwana Salehe. Nikamwambia, "Umesema afanye kama mama yake. Sawa. Mama yake alikuwa na bibi pembeni mwa shamba. Binti yangu naye awe na bibi pembeni mwa darasa."

Akacheka. "Bibi akae, mzee. Bibi ana ubaya gani?" Tukashikana mikono. Hakuuliza bibi gani.

Kabula nilipomwambia alilia. Akasema, "Baba, watu watakucheka." Nikasema, "Wacheke. Mama yako alishaanza."

Siku ya kufungua shule nilimfunga Minza mgongoni kwa khanga yako. Nilifunga fundo la kubebea mawe, kwa hiyo mtoto hakuwa wa kuanguka, ila alinilalamikia njia nzima. Nikafika, nikakaa juu ya jiwe pale mlangoni mwa darasa la kwanza, na hilo jiwe nililichonga mimi, msingi wote wa lile ghala ni mawe yangu. Mlinzi akanitazama. Akasema, "Mzee, nimeambiwa anakuja bibi." Nikasema, "Ndiye huyu."

Watoto wakajipanga dirishani. "Shikamoo bibi!" Nikaitika, "Marahaba, wajukuu zangu." Ulitaka niitikie nini? Wapasua mawe wenzangu nao wakapita na nyundo zao. Wakasema, "Lushinge, maziwa yametoka?" Nikawajibu kwamba yametoka, waje na vikombe.

Mimi nilikuwa sawa. Kabula ndiye hakuwa sawa. Alikuwa anashika ubao kama mtu anayevuka mto. Minza alipolia mgongoni kwangu, nilimwona mwanangu kupitia ule mlango, anaandika irabu, blauzi ikalowa mbele. Akageukia ubao. Akabaki ameugeukia mpaka kengele ilipolia, watoto wakiimba a, e, i, o, u mgongoni kwake. Kengele ikalia, akatoka mbio, akamchukua mtoto, akakaa chini ukutani kwenye lile jiwe, akamnyonyesha. Mimi nikageuka pembeni, nikawazuia watoto wasisogee. Hiyo ndiyo kazi ya bibi, kumbe. Kusimama ili mtu asionwe.

Siku zikaenda hivyo. Kabula alirudi nyumbani miguu imevimba. Akianza kufundisha amekaa, Bwana Salehe anapita dirishani anakohoa, mwanangu anasimama tena. Halafu Bwana Salehe akanijia mimi. Wazazi wanasema maneno, anasema, kwamba shule yake imekuwa ya wazee kulea. Niondoke. Nikamwambia tulishikana mikono. Akasema nikae nje ya geti. Nikamwambia mama yako, yaani mama yako wewe, hakukaa nje ya shamba. Sikunyanyuka. Unanijua mimi na jiwe. Jiwe huliwezi kwa kulipiga likiwa baridi. Unakaa nalo na moto, unavumilia.

Maneno yakashuka mjini mpaka Mirongo, kwenye duka la mke wa Bwana Salehe, Mama Zuhura. Wateja walimwambia mumewe ameajiri mzee wa kunyonyesha. Akaja kuona mwenyewe, na baibui lake, amekasirika, nadhani alikuja kunifukuza mimi. Akanikuta najaribu kufunga upya mbeleko, mtoto anaelekea ubavuni. Akaniangalia sana. Akasema, "Lete huku, Baba, utamvunja." Akamchukua Minza, akaniuliza, "Huyu ana muda gani?"

Nikasema, "Kitovu kimedondoka juzi."

Akachungulia darasani, akamwona Kabula ameegemea meza. Mama Kabula, yule mama hakupiga hodi ofisini. Alisimama uwanjani na mjukuu wako mkononi akaita, madirisha yote yakajaa vichwa. "Baba Zuhura! Mimi nilipomzaa Zuhura, mama yako hakuniruhusu kugusa hata ufagio mpaka arobaini itimie. Huyu mwenzangu kitovu cha mwanawe hakijapona, umemsimamisha ubaoni?"

Bwana Salehe akatoka anasema polepole, "Mama Zuhura, shusha sauti. Huyu ni wa mkataba."

Akasema, "Na mtoto naye ni wa mkataba?"

Hapo nilitaka uwepo. Nilitaka sana. Niligeuka upande wangu wa kulia kama unavyokaaga, nikuambie, umesikia? Nikakuta ukuta.

Bwana Salehe akarudia yale ya wazazi na darasa kukosa mwalimu. Mama Zuhura akasema, "Darasa la kwanza? Kuhesabu si najua? Nitakuja mimi." Na alikuja. Alikuja na maharage ya dukani wakahesabia, na walimu wengine wakagawana kusoma na kuandika. Kabula akalala nyumbani mpaka arobaini, na zaidi kidogo, maana Mama Zuhura alikosea kuhesabu makusudi. Nafasi yake ikamngoja. Sasa amerudi darasani, amenawiri, na mimi nampeleka Minza kila mapumziko. Fundo nafunga vizuri. Kuliko wanawake wengi wa hapa Kiseke, usibishe.

Ningefunga barua hapa, lakini nisikudanganye kwamba yameisha. Kuna mwalimu mwingine wa muda, msichana wa darasa la pili, ameanza kuvaa sweta juani. Nililiona hilo sweta mara moja. Mama yake yuko mbali, ng'ambo ya ziwa. Juzi alinifuata pale kwenye jiwe, akasimama anachora chini kwa kiatu, akasema, "Babu, ile kazi yako, unamfanyia binti yako tu?"

Nikaenda kwa Bwana Salehe. Akasema, "Mzee, ya Kabula ilikuwa huruma ya nyumbani kwangu. Mkataba haujabadilika." Si mtu mbaya. Anaogopa. Lakini huruma ya leo kesho inaweza kuamka imenuna, na mzazi anahitaji kitu kinachokaa hata mwenye nyumba akiwa amenuna. Nikampelekea neno Mama Zuhura. Amejibu kwamba safari hii tutakuwa mabibi wawili.

Kwa hiyo nakuahidi, Mama Kabula, na ahadi yangu unaijua ilivyo ngumu. Nitakaa pale mlangoni kwa msichana yule, na kwa atakayemfuata, mpaka neno hilo la likizo ya uzazi liandikwe kwenye mkataba wa walimu wa muda, nami nilisome mwenyewe, herufi kwa herufi. Na ile habari yako ya shambani sitaisimulia tena nusu. Nikifika mwisho wa tuta, namtaja mama yako kwanza, halafu wewe.

Lala salama, mke wangu. Khanga ya zambarau imefuliwa, ipo kwenye kamba, inapepea upande wako. Minza amelala. Sufuria nimeshaibandika kwa ajili ya kesho, na moto, kama kawaida yangu, ni mkubwa mno.

Uliuliza nani. Sasa cheka.

Mimi mumeo,
Lushinge