Futa, Futa, Mpaka Ing'ae

Jumatatu, 3 Machi

Leo burudani! Kompyuta ya wifi, mke wa kaka yangu, inakata roho. Ukiiwasha inaguna kama mwenye pumu, halafu giza. Kapita hapa barazani kwangu kaikumbatia kama kichanga. Nikamwuliza, wifi, unampeleka kliniki? Wateja walicheka mpaka nikamsuka mmoja mstari upande! Yeye wala. Utani hajui, huyo.

Humo ndani ndimo zilimo video za Kidoti, binti yake. Homa ilimchukua mwaka juzi. Simu iliyomrekodi ilishakufa, zimebaki humo tu. Kila jioni anazifungua, na ukuta wetu ni mmoja. "Mama, tazama! Mama, tazama!" Jamani, si tumeshatazama? Leo kimya. Nimekula kwa amani.

Jumanne, 4 Machi

Nimemsindikiza kwa Fundi Miwani. Si kwa huruma — nisikie mwenyewe, nisije kuhadithiwa! Kaifungua, vumbi lililotoka ungepanda maua. Anasema mashine nzima, ila mfumo unaoiendesha umeoza, lazima uwekwe mwingine. Achague. Windo mpya ni kama mke wa kitajiri, anataka nyumba kubwa, na hii mashine ni kibanda. Kuna Linaksi, nyepesi, ya bure, inakaa popote, ila ina tabia zake, lazima uzizoee. Nikasema, cha bure hicho, wifi, hata mume wa bure hakai! Fundi kakohoa.

Wifi akasema weka hiyo nyepesi. Lakini kwanza niokolee mwanangu.

Mwanangu! Hakusema video. Fundi kavua miwani, kaifuta kwa shati. Mimi nimeng'ata mdomo, kicheko kilikuwa puani.

Alhamisi, 6 Machi

Wifi kaacha simu yake kwangu inachaji, kaenda kuoga. Ikalia. Nikapokea, simu ya ndugu si simu ya mtu baki. Fundi. Anasema, mama, niko tayari kuweka Linaksi, diski nifute au nisifute? Swali gani hilo? Lile vumbi lote! Nikamwambia futa, futa mpaka ing'ae. Akauliza, una hakika? Nikamwambia baba, uchafu unaombewa ruhusa? Nikakata.

Wifi katoka bafuni sikumwambia. Nilikuwa na kichwa cha mtu mkononi.

Ijumaa, 7 Machi

Mtaa mzima leo kwangu. Video hakuna! Fundi kafuta diski. Kumbe kwao kufuta si kufuta — ni kufuta! Wifi kakaa chini palepale kwenye mlango wa duka, miguu imenyooka, kama aliyeambiwa msiba upya. Fundi anaapa, mama, nilikupigia kabla ya kuziokoa, wewe mwenyewe ulisema futa mpaka ing'ae, nikajua umeghairi. Wifi anasema mimi?

Mimi nikawaambia wateja, huyo fundi mlevi. Hanywi, najua. Ila mlevi ndiye anayeaminika haraka. Mchana wawili walishaenda kuchukua redio zao kwake.

Jumatatu, 10 Machi

Fundi hajalala, macho mekundu. (Si nilisema mlevi?) Kamweleza wifi hivi: faili likifutwa halitoki mara moja. Limeng'olewa jina mlangoni tu, mwenyewe bado yumo chumbani, mpaka aje mpangaji mwingine. Linaksi imeshaingia, vyumba vingine imevichukua. Lakini anagonga mlango mmoja mmoja. Vinavyotoka havina majina, lazima kufungua kila kimoja.

Wifi kahamia dukani kwa fundi. Anangoja. Kapatikana Kidoti nusu — picha ipo, sauti hakuna. Anafungua mdomo tu kama samaki. Wifi kashukuru! Nusu mtoto, na kashukuru.

Jumatano, 12 Machi

Nimepita dukani kuona. Wifi alikuwa kaenda kutafuta chai. Fundi kafungua kimoja, anasema hii ilikuwa imefutwa zamani, labda na mtoto mwenyewe akichezea kamera. Nikainama. Baraza langu! Kidoti kajaza uso mbele, ulimi nje. Nyuma yake mimi nasuka, na kaka, baba yake, kakaa kwenye kigoda changu. Na sauti yangu safi, hiyo Linaksi haikuila! "Kaka, mtazame vizuri mtoto huyo. Pua si yetu." Na kicheko.

Kaka alimwacha wifi wiki ileile. Hata mazikoni kwa Kidoti hakuja.

Pua yenyewe, leo nimeiona vizuri kwenye kioo kile, ni ya marehemu mama yetu. Haya basi. Utani ulikuwa.

Nikamwambia kazi njema, nikatoka nikiimba.

Alhamisi, 13 Machi

Nimempigia fundi asubuhi, kwa adabu zote. Fundi wangu, mtu wa watu, ile ya baraza langu ifute.

Akasema, mama, safari hii nauliza kwanza: kufuta vumbi, au kufuta kabisa?

Kumbe sauti kaijua! Nikasema kabisa, baba, kabisa, mpaka ing'ae.

Akasema, mwenyewe kakaa hapa ubavuni, nimeweka spika.

Nikasema haloo, wifi. Nikacheka kidogo. Nilisikia pumzi tu. Nikakata.

Wifi karudi jioni hii na kompyuta yake. Hakunisalimu — kapita mlangoni kwangu kama hapana mtu. Kafunga mlango. Nimeisikia ikiwaka, haiguni tena, ina mlio mpya mwepesi kama kengele ya baiskeli.

Nimengoja "Mama, tazama."

Ni mimi. Nacheka. Pua si yetu, halafu nacheka. Karudisha mwanzo. Nacheka tena. Kaongeza sauti, wateja wangu wawili wako hapa barazani, mmoja kichwa nusu, wanasikiliza. Sasa anaongea na mtu kwa simu. Anasema, ngoja, baba Kidoti, usikate, ngoja nikuwekee karibu —