Sauti ya Mama Jesse

Kirua Vunjo,
Jumanne, tarehe 9 Septemba

Kwa dada yangu mpendwa Aikaeli,

Shikamoo dada. Naomba barua hii ikukute umekaa chini, umeshakunywa chai, na goti limekuachia japo kidogo. Sisi huku tunapumua, tunamshukuru Mungu. Baridi ya mwaka huu ilikuja kama mgeni asiyejua kuaga, imeondoka juzi tu, na ndizi zimechelewa kunenepa. Ng'ombe wangu amezaa jike. Na nyie huko Chekereni mpunga umefikia wapi? Maji yanawafika, au bado mnatukanana na wenzenu wa mashamba ya juu? Shemeji kifua chake vipi? Mwambie aache kiburi, avae sweta.

Utashangaa kuona karatasi, maana umeshazoea kunisikia kwenye simu. Nimemwomba Victoria, yule mama anayeshusha ndizi sokoni kwenu, aifunge ndani ya kanga yake na kukukabidhi wewe mwenyewe mkononi. Nina ombi moja kabla ya yote. Kama wale watu wa hoteli wameshakuletea karatasi ya kuuza kihamba cha baba, shamba lile alilotuachia, usitie sahihi wala dole mpaka umalize kusoma. Hati ina majina mawili, langu na lako, na bila lako hakuna kinachouzwa. Soma kwanza.

Sasa nianze na habari njema, nisije nikapasuka. Mwanao Jesse amekuwa mtu mkubwa. Unakumbuka alivyokuwa akibeba mizigo ya wageni mlimani, anarudi midomo imepasuka kwa barafu? Mgeni mmoja akamwachia simu yenye kioo kilichovunjika, na Jesse akaanza kupiga picha za video na kuziweka kwenye ukurasa wake, anauita Kirua Hewani. Leo watu wanaoufuata ni wengi kuliko watu wote wa kata yetu, wapo mpaka waliozaliwa Kirua wakaenda kuzeekea Ulaya. Lile daraja la miti lililobomoka, ambalo tuliliandikia barua miaka na miaka, Jesse alisimama juu yake asubuhi moja akaongea na simu yake, na kabla ya wiki kwisha mafundi walikuwa wameshafika. Diwani akimwona anashuka kwenye gari kumsalimia. Mimi niliyeishia darasa la saba, nimezaa huyo!

Mwezi uliopita nilikwenda Moshi mjini kununua misumari kwa Bwana Amandeep, yule mwenye duka la vifaa vya ujenzi. Akaniuliza kama ni kweli mimi ndiye mama yake Jesse wa Kirua Hewani. Nikamwambia ndimi, na uchungu wake nilioupata siku mbili bado naukumbuka. Akacheka, akaniletea kiti na soda, akasema duka lake likitajwa na Jesse asubuhi, mchana mabati yamepungua stoo. Nikainywa ile soda polepole, dada, ili kila anayeingia anione.

Ila kulikuwa na kitu nilichokiona nikakipita. Nikifika pale tunapopeleka maziwa, wanawake wananyamaza. Siku moja jirani yangu Tabitha akawaambia wenzake wafunike meno, kamera ya kijiji imefika. Wakacheka wote, na mimi nikacheka kuwashinda. Lakini baadaye akanivuta pembeni, akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akaniomba nimsihi Jesse aondoe video ya mume wake aliyelala kando ya njia akiwa amelewa mbege. Alisema watoto wanachekwa shuleni. Nilimwambia Jesse, akaiondoa saa ile ile, na kesho yake Tabitha akaniletea kuku. Dada, nilimla yule kuku. Nikajiambia huu ndio utukufu wa kuzaa. Sikujiuliza kwa nini jirani yangu wa miaka thelathini aniletee kuku kama anavyopelekewa hakimu.

Sasa nije kwa Mwalimu Sifael, yule aliyetufundisha kuandika sote wawili, na ambaye mpaka mwezi wa sita alikuwa mwenyekiti wa mfongo. Kuna kampuni inataka kujenga hoteli ya watalii huku juu. Wanakitaka kihamba cha baba kwa sababu mfereji wetu, huo mfongo, unapita katikati yake, na mwenye kihamba ndiye anayefungua na kufunga maji ya wote walio chini yake. Mwalimu alikataa mbele ya watu. Alisema bwawa la kuogelea la wageni likijaa, migomba ya huku chini itakunywa umande, na kwamba yeye hakuchaguliwa kugawa umande. Watu walipiga makofi. Jesse hakupiga. Wakati huo kampuni ilikuwa imeshampa kamera mpya na kompyuta, kazi ya matangazo alivyosema, na mimi nilishawatangazia majirani wote.

Kama siku tatu baadaye Jesse akaniambia mama, Mwalimu anazeeka na historia ya mfongo itaondoka naye, hebu nenda ukamzungumzishe, simu ikae kwenye mfuko wa aproni ikirekodi, tuwahifadhie wajukuu. Nikaona mwanangu ana akili na heshima. Nilikwenda na beseni la maharage, tukakaa barazani kwake tunamenya, mimi na yeye na mkewe Elifuraha. Aliongea tangu baada ya chakula mpaka ng'ombe wakaanza kulia. Alieleza nani alichimba wapi. Akaeleza siku kondoo wa baba walipotumbukia kwenye mfongo mmoja baada ya mwingine, na baba akawa anawatukana kwa majina ya wakwe zake. Nilicheka mpaka maharage yakamwagika.

Wiki mbili hazikuisha, ikatoka ile sauti kwenye Kirua Hewani. Bila shaka na wewe ilikufikia, ilienda kwenye magrupu yote. Mwalimu anasikika akisema watu wa Kirua ni kondoo, wanachimba huku yeye anakula, na kwamba maji ameshawapa wenye hoteli zamani, kinachobaki ni maigizo. Hata kikohozi chake kilikuwamo. Yaani mtu pekee aliyewakataa ndiye aliyeonekana amewauzia. Watu walikwenda kwake mchana kweupe wakakata migomba yake yote, pamoja na ule wa mlangoni. Waliomkatia ni watu aliowafundisha kusoma.

Asubuhi yake Mwalimu akaja kwetu ameshika jani la isale. Wewe unajua, dada, mtu akikujia na isale hamuulizani nani alikosa, mnapokea na neno linaisha. Yeye alikuja ili liishe, asije akabomolewa na nyumba pia. Jesse alimpokea kwa mikono miwili, akamwita babu, akamwomba asogee kwenye mwanga. Jioni yake Kirua Hewani ilikuwa na picha ya Mwalimu ameinama na jani lake, na maneno makubwa juu: MZEE AKIRI, AOMBA MSAMAHA. Vijana wa Dar na wale wa ng'ambo, watajulia wapi isale? Waliona mtu aliyekiri. Na wa hapa wanaojua, hakuna aliyefungua mdomo, kila mmoja akimwaza mume wa Tabitha.

Tangu siku hiyo Mwalimu haongei. Si kwamba anaumwa koo. Haongei na yeyote, wala mkewe. Anaandika kwa chaki kwenye mlango wa jikoni anachotaka, chumvi, au maji ya moto. Nilipokwenda kumwona alinitazama, akatazama mfuko wa aproni yangu, akaweka kidole midomoni. Kisha akaingia ndani akafunga mlango taratibu, kama anamfungia mtu asiyemjua.

Nilirudi nyumbani nikamtetea mwanangu moyoni njia nzima. Mama ni mama.

Sasa sikiliza hili, ndilo lililonifanya nishike kalamu. Jumamosi Victoria aliporudi kutoka sokoni kwenu aliniambia umenisalimu sana, na umelia, lakini umekubali, kwa kuwa mimi mwenyewe nimekuomba kwa sauti yangu tuuze kihamba cha baba. Alisema ulimsikilizisha ujumbe wangu mara mbili. Dada, mimi sijakutumia ujumbe wowote. Sijawahi kutamka neno kuuza na kihamba kwa pumzi moja. Makaburi ya baba na mama yako pale, nayafyekea mwenyewe.

Nilimuuliza Jesse. Hakushtuka hata kidogo, alicheka, akaniambia nimesema mwenyewe, nimesahau tu, umri. Akanisikilizisha. Nikajisikia, dada. Kile kicheko changu kabla ya kuanza, na namna ninavyovuta jina lako, na kile Kichagga chetu cha jikoni. Nilisikiliza nikaanza kujiuliza kama kweli sikusema. Mtu asimame sebuleni kwake ajitilie shaka mwenyewe! Nilipombana akanishika mabega, akanieleza kwa upole kama anamweleza mgonjwa, kwamba ndani ya kompyuta yake kuna kitu unakilisha sauti ya mtu, nacho kinasema chochote unachokiandikia. Alisema hakuna aliyeumia. Alisema atanijengea nyumba kule Rau, yenye maji ndani, nipumzike. Nikamwambia ameiba sauti yangu. Akasema, mama, si ndiyo uliyonibembelezea? Basi ni yangu pia. Akanibusu kwenye paji la uso. Mikono yake ilikuwa ya joto.

Na hapa ndipo penye aibu yangu, ambayo sijamwambia mchungaji wala mtu. Usidhani nimeujua uongo huu Jumamosi. Migomba ilipokatwa, wazee wa mfongo walifanya kikao uwanja wa shule. Walikuwa hawajaamua bado. Mzee Ebenezeri alisema haiamini sauti isiyo na mtu, akataka aliyekaa na Mwalimu siku za karibuni aseme kama ndivyo anavyozungumza. Elifuraha akaninyooshea mkono, kwa matumaini, maana nilimenya maharage naye. Nilijua, dada. Lile neno kondoo nililijua limetoka wapi, nililicheka kwa masikio yangu. Lakini watu wote walikuwa wamenigeukia, na Jesse amesimama mbele na kamera yake, ananitabasamia kama alivyokuwa akinitabasamia siku za mahafali. Nikasimama. Nikasema ni sauti yake, na kwamba aliyasema nikiwepo. Elifuraha alishusha mkono wake polepole. Mwalimu wakamvua uenyekiti pale pale, na video yangu ikatazamwa kuliko zote, na mimi nilihesabu hiyo kuwa sifa.

Kwa hiyo nikisema leo kwamba sauti uliyoisikia siyo yangu, nani ataniamini? Mimi ndiye niliyefundisha watu kuiamini simu.

Naandikia zizini, simu nimeiacha ndani. Sasa hivi Jesse amepita akaniuliza naandika nini. Nimemwambia ni majina ya kina mama wa zamu ya kufagia kanisa. Akainua kamera yake, akasema nimependeza, nimtazame. Nilifunika karatasi kwa kiganja. Na nikatabasamu, dada. Nikaweka hata kilemba sawa. Hivyo ndivyo nilivyo mbele yake, na ndiyo maana nakuandikia haya yanayofuata nikiwa bado na akili zangu.

Usitie dole. Ukinisikia kwenye simu nakusihi, usitie. Ukinisikia nalia, nasema barua hii si yangu, imeandikwa na maadui wa mwanangu, usitie. Nami nikija huko kwa miguu yangu mwenyewe, nimekaa kwenye kiti chako, nakunywa uji wako, Jesse yuko pembeni ameniwekea mkono begani, nikakwambia dada, tuuze tu, usiniamini, hata kama ni mimi kweli. Atakuwa ameniita mama mara moja tu kwa ile sauti yake ya utotoni, nami nitakuwa nimelegea. Najijua.

Wasalimie watoto wote, na mke wa mwanao mkubwa, mwambie mimba ya kwanza asibebe madumu. Msalimie shemeji. Mchele uliotuma ulinukia nyumba nzima, Mungu akurudishie. Usinijibu kwa simu. Ukipata nafasi niandikie, hata mistari miwili, umpe Victoria.

Ni mimi mdogo wako, niliyeandika kwa mkono wangu,

Elinipendo, mama Jesse