Bakuli la Majivu
Jumanne, 8 Julai 1975

Na bado hakuna anayejua paka wangu Majivu anaumwa nini. Leo nimembeba kikapuni mpaka kwa bwana mifugo, wasichana wa darasa letu wakinicheka njiani: "Unapeleka wapi kitoweo?" Nikaongeza mwendo. Majibu hunijia nikishafika nyumbani.

Bwana mifugo alimfunua ufizi, bado mweupe kama hauna damu. "Angekuwa ng'ombe ningekwambia sasa hivi," alisema. "Huyu huenda ana saratani ya damu, ile ya paka, inayoambukizwa kwa mate. Huenda ni minyoo tu. Kipimo kiko Ulaya." Akanipa dawa ya minyoo, akasema nimtenge na paka wetu mwingine.

Huyo mwingine ni Bibi, paka mzee anayelinda mahindi yetu darini. Tangu nimwokote Majivu sokoni, Mama ana swali moja: "Bibi akifa, mwanangu, panya utawakamata wewe?"

Basi nikawatenga. Bakuli la Majivu jiko la nje, la Bibi ndani, mlango wa jiko nikaufunga kwa kamba. Ila baridi hii...

Jioni nimekuta kamba imelegea. Wote wawili wamelala kwenye majivu ya vuguvugu kando ya mafiga, Bibi anamlamba mwenzake masikio, taratibu, kama kazi aliyoizoea.

Mama akaja nyuma yangu na kibatari. Nikangoja aseme Majivu aondoke.

"Kumbe ndivyo wanavyolala siku zote," alisema. "Kesho uoshe bakuli moja tu, la wote wawili."

Sijui kama ameridhia au amechoka kama mimi. Kamba nimeirudisha uani, ya kuanikia nguo.