Wifi Anataka Kunisemea kwa Wakili

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako upesi, maana Alhamisi naenda kwa wakili wa talaka kwa mara ya kwanza na ninamwogopa. Mimi ni fundi cherehani, mume wangu ni dereva wa lori, alihamia kwa mwanamke mwingine na sasa anatangaza kwamba watoto wetu wawili atawachukua, na mimi nikimtaja tu koo linaziba, nalia, sisemi la maana, ndipo wifi yangu, dada yake wa tumbo moja, akaniambia, "Wewe kaa kimya, kaka yangu namjua, nitakusemea mimi," na jamani wifi huyu ananipenda, ndiye anayewaogesha wanangu kazi zikinizidi, lakini hajui kwamba nataka kuhamia nao mji anaokaa dada yangu, nimepata kazi huko kwenye kiwanda cha nguo, sasa nitamwambiaje wakili jambo hilo na shangazi mtu amekaa pembeni yangu? Nikimkatalia nitaonekana sina shukrani. Nifanyeje?

Koo Limeziba

Pole, mdogo wangu. Lakini hebu! Unampeleka dada wa mume akamseme kaka yake? Hata awe malaika, damu nzito kuliko maji. Wakili anataka kusikia wewe unataka nini, kwa mdomo wako.

Machozi yasikutishe. Wakili wa talaka kayaona mengi. Lia, pangusa, endelea. Leo mpigie dada yako simu umsimulie yote tangu mwanzo, mdomo uzoee. Beba cheti cha ndoa na vyeti vya kuzaliwa vya watoto. Na hilo la kuhama ulitaje mapema, uulize kama linaruhusiwa na kwa njia gani. Mficha uchi hazai, mama! Usije ukawabeba watoto kimyakimya. Utampa mumeo fimbo ya kukuchapia.

Sasa lililo gumu. Unasema unaogopa wakili, kumbe unayemwogopa ni wifi. Kaa naye kabla ya Alhamisi, nyinyi wawili tu, umwambie unataka kuhama na watoto. Atakasirika, pengine atalia kuliko wewe. Mwache, ana haki, watoto hao kawalea. Ila asije akalisikia mahakamani kama mtu baki. Unadai talaka kwa mume, mdogo wangu. Wifi usimpe talaka.